Upande wa Serikali

Tulipomaliza kumzika mama, wageni wakatawanyika, mimi na binti yangu tukabaki nyumbani Njoro kupanga vitu vyake. Chini kabisa ya sanduku la mablanketi tulikuta maua ya pareto yaliyokauka, ambayo mama alikuwa akiyatia humo kufukuza nondo. Nilipoinua kifuniko, ile harufu yake ya ukali na vumbi ilinipanda puani, nikajikuta nimekaa sakafuni. Wenzangu mliokulia upande huu mnaijua. Ilikaa kwenye nguo zetu za shule, kwenye viganja vya mama zetu, hata kwenye ugali.

Binti yangu yuko chuo kikuu. Mwezi ule mwenzake wa darasani alikuwa amechukuliwa na watu waliofunika nyuso, kisha akarudishwa akiwa haongei na mtu. Alinitazama nimekaa pale chini, akaniuliza, "Mum, hii mambo ya watu kubebwa, ilianza na sisi?"

Nikamwambia avute kigoda. Nilimwambia sehemu. Sehemu nyingine sikumwambia, na hiyo nimeona afadhali niiandike.

Baba yangu alifundisha historia katika shule ya upili iliyokuwa katikati ya mashamba ya ngano, na watu wote walimwita Mwalimu, hata mama. Tuliishi katika nyumba ya walimu. Mama alikuwa na kishamba chake cha pareto mwendo mfupi kutoka shuleni, nami nilimsaidia kuchuma nikitoka darasani, vidole vikiniwasha. Kila Jumapili baada ya kanisa mjomba Reuben alikuja kula nasi. Alikuwa mdogo wake mama, askari polisi mjini Nakuru, kijana mrefu aliyeinama kila alipopita mlangoni hata pale ambapo hapakuwa na haja. Alikuja na mkate na nusu kilo ya nyama, na mama alimtolea mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, aliyoihifadhi kwa ajili yake peke yake.

Wakishashiba, baba na mjomba walifanya mdahalo. Baba ndiye aliyesimamia mdahalo shuleni na hakuweza kuuacha huko. Sheria ilikuwa moja: hukuchagua upande. Mimi nilishika njiti mbili za kiberiti ngumini, moja ndefu na moja nimeikata. Aliyevuta ndefu alitetea hoja, aliyevuta fupi aliipinga, apende asipende. Mama alikuwa mwamuzi, na muda ukiisha alipiga sufuria kwa mwiko. "Mtu asiyeweza kutetea upande asioupenda," baba alikuwa akisema, "hajui kwa nini anaupenda wake." Walijadili kama ng'ombe ana faida kuliko ngano, kama mvua husikia maombi, kama mwanamke anafaa kuwa chifu. Siku hiyo ya chifu mjomba alivuta njiti ndefu, akamtetea mwanamke vizuri mpaka mama akasahau kupiga sufuria.

Nilijifunza jambo moja kutokana na Jumapili hizo, nikalijifunza vibaya. Nilidhani watu wazima hawamaanishi wanayoyasema. Nilidhani kila mtu mzima ana njiti yake mfukoni, na husema kile njiti ilichomwamuru.

Jumapili ninayoikumbuka zaidi kulikuwa na manyunyu. Baba alitoa hoja kwamba serikali haiwezi kumdhulumu raia wake, kwa sababu serikali ni raia wenyewe. Akavuta njiti ndefu. Alizungumza kwa ufasaha sana, mkono mmoja nyuma, kama aliye mbele ya darasa. Serikali ni mzazi, alisema; mzazi anaweza kumchapa mtoto lakini hawezi kumla. Mjomba alisikiliza huku akiizungusha ile njiti fupi kati ya vidole. Zamu yake ilipofika, hakusimama.

"Reuben, muda wako unaenda," mama akasema.

"Kuna mzee aliletwa pale kwetu," mjomba akaanza, kwa sauti ya chini. "Alikataa kuhama shambani kwake. Kuna mkubwa alikuwa analitaka. Wakamweka chini, kwa kile chumba cha maji. Maji yanafika hapa." Akaonyesha juu ya kifundo cha mguu. "Unasimama ndani yake. Ukichoka, unakaa ndani yake. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Siku ya kumtoa nikaambiwa nimbebe. Alikuwa mwepesi kama debe halina kitu. Tukaambiwa tukiulizwa tuseme alitoroka."

Akaiweka njiti mezani. "Kwa hivyo, Mwalimu, hoja yako imeanguka."

Mimi nikapiga makofi, kwa kuwa mjomba alikuwa ameshinda. Mama akanishika mikono yote miwili akaiweka mapajani pake, akaishikilia. Sufuria haikupigwa siku hiyo.

Baadaye niliambiwa na mama kilichofuata. Baba aliipeleka hoja ile ile shuleni, kwa wanafunzi wake wa mdahalo. Waliovuta upande wa serikali waliongea maneno ya kukariri kutoka redioni. Waliovuta upande wa pili nao wakasimama wakaongea maneno yale yale, kwa sababu hawakuwa na mengine. Baba akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akawasimulia habari za mzee mmoja na chumba cha maji. Hakusema aliambiwa na nani. Jioni ile mama alimwambia, "Ungenyamaza, Mwalimu." Naye akamjibu, "Nikinyamaza hapo, nitafundisha nini kesho?" Ni nani aliyeyatoa maneno yale nje ya ukumbi, hatukuwahi kujua. Mama alitukataza kabisa kukisia. Alisema tukianza kukisia tutaishi na majirani kama wachawi.

Walimchukua wakati wa mapumziko ya saa nne. Shule yetu ya msingi ilitenganishwa na yake kwa ua wa michongoma, nami nilikuwa karibu na ua huo nikila kiazi kitamu. Nilimwona akitembea katikati ya wanaume wawili waliovaa makoti marefu. Yeye hakuwa na koti, na mkono wa shati lake ulikuwa na vumbi la chaki. Niliwadhania wakaguzi wa shule. Aliponiona alinipungia mkono, nami nikampungia, kisha nikaendelea kula.

Mama alianza kumtafuta kesho yake. Alinichukua mimi kila alikokwenda, kwa kuwa alisikia kwamba mwanamke mwenye mtoto hafukuzwi upesi. Nilishika kikapu chenye sweta na githeri ya mahindi na maharagwe. Tulienda kituo baada ya kituo, na kila mahali jibu lilikuwa lile lile, kwamba hawana mtu kama huyo. Siku moja tukaingia katika kituo alichofanya kazi mjomba. Sijui kama mama alikiacha mwisho kwa makusudi.

Mjomba ndiye aliyekuwa kaunta. Nyuma yake kulikuwa na afisa mnene aliyekaa kitini akisoma gazeti. Nilifurahi sana kumwona mjomba amevaa yunifomu, vifungo vinang'aa. Mama akasema, "Namtafuta mume wangu."

"Anaitwa nani?" mjomba akauliza.

Mama alimtazama. Kisha akataja jina la baba, majina yote matatu, polepole, kama vile huyu kijana hakuwahi kula mezani pake.

"Hatuna mtu kama huyo hapa, mama," mjomba akasema. Alimwita mama, kama unavyomwita mwanamke yeyote usiyemjua. "Rudi nyumbani."

Mimi nikatabasamu. Nilikuwa nimeelewa. Nikamvuta mama nguo nikamnong'oneza, "Leo amevuta upande wa serikali." Nilingoja zamu ya mama ifike aipinge ile hoja, na nilijua angeshinda, maana mama alimjua mjomba kuliko mtu yeyote. Lakini mama alisimama tu pale, mdomo wazi kidogo. Yule afisa akageuza ukurasa wa gazeti. Kisha mama akachukua kikapu mkononi mwangu tukatoka, na tulipofika nje akakaa kwenye ukingo wa barabara, watu wakipita.

Miaka mingi baadaye nilikuja kumuuliza mama habari za siku hiyo, alipokuwa mgonjwa, mwaka wake wa mwisho. Nilimuuliza kama aliwahi kufikiria kumtaja mjomba. Hakujifanya haelewi.

"Pale pale kaunta," akasema. "Mkubwa wao alikuwa hapo. Ningesema tu, 'Muulizeni huyu, yeye ndiye alisema,' labda baba yako angelala nyumbani siku hiyo. Maneno yalishafika kwenye meno."

"Na ni nini kilikuzuia?"

Alifikiri. "Reuben nilimbeba mimi," akasema. "Mama yetu akienda shamba, ni mimi nilimfunga mgongoni. Mdomo ulitaka, lakini mgongo ulikataa."

Kisha akageukia ukutani, na sikumuuliza tena.

Jumamosi moja mchana mjomba alikuja, si kwa njia ya kawaida bali kupitia mashamba ya ngano, amevaa nguo za raia na kofia ya mkulima. Mama alikuwa akichuma pareto. Mimi nilikuwa mstari wa pili nimeinama, nikawasikia.

"Yuko chini," mjomba akasema. "Yuko hai. Wanataka jina la mtu aliyemwambia."

"Na yeye anasema nini?"

"Anasema aliota."

Mama aliendelea kuchuma. Nilisikia maua yakikatika, tik, tik.

"Nikisema ni mimi wataniweka hapo hapo na yeye," mjomba akasema. "Hawatamwachilia. Watatuweka wawili. Nimefikiria, Tabitha. Nimefikiria kila namna."

"Mpatie hata blanketi."

"Blanketi litalowa."

Mama akaacha kuchuma. Mjomba alisimama pale kidogo akiwa ameshika kofia, kisha akarudi alikotoka, na ngano ikajifunga nyuma yake.

Katika maneno yote yale mimi niliondoka na moja tu: chini. Kulikuwa na msichana darasani ambaye baba yake alifanya kazi Olkaria, kwenye visima vya mvuke, na alikuwa ametueleza jinsi watu huchimba chini, chini, mpaka wanafika mahali ardhi inapochemka, ili nyumba zetu zipate stima. Basi nikajua. Jumatatu niliwaambia wenzangu kwamba baba ameacha ualimu, yuko Olkaria anachimba mvuke. Nilieleza kwa fahari. Wakati mwingine nilitazama mawingu yaliyokaa chini upande wa mlima Longonot nikamwonyesha mama, nikamwambia huo ni moshi wa kazi ya baba. Mama hakunisahihisha. Alisema, "Ndiyo, anafanya kazi ngumu," akaingia jikoni. Naona sasa kwamba ule uongo wangu ulimfaa pia. Watu walipouliza mbele yangu, mimi ndiye niliyejibu.

Walimwachilia kama walivyomchukua, bila maelezo. Walimshusha Salgaa, mchana, katikati ya malori yaliyoegeshwa. Mwanamke mwenye kibanda cha chakula alimpa chai na chapati bila kumuuliza kitu, kisha dereva wa lori akampakia mpaka njia panda ya Njoro. Kutoka hapo alitembea. Nilimwona akija barabarani viatu mkononi, na sikumjua mpaka aliposema jina langu.

Miguu yake ilikuwa imevimba, myeupe, ngozi ikibambuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Mama alimkalisha kwenye kiti nje akaitazama bila kuigusa. Mimi nilipiga magoti nikauliza, "Baba, ni mvuke ulikuchoma?"

Alimtazama mama, kisha akanitazama mimi.

"Ndiyo," akasema. "Kulikuwa na joto sana."

Nikaweka kiganja kwenye unyayo wake. Ulikuwa baridi kuliko kitu chochote nilichowahi kukigusa. Hapo ndipo kitu fulani kilipoanza kunielea, ingawa sikuwa na neno lake. Sikusema tena habari za Olkaria shuleni, na wenzangu walipouliza nilisema ameshamaliza kazi.

Shule haikumrudisha, na nyumba ya mwalimu tukaihama. Tukajenga ya mbao kwenye kile kishamba cha mama. Baba alilima viazi. Alikuwa mpole, na alinisaidia hesabu, lakini hakuvumilia mlio wa tone la maji. Mvua ikinyesha, maji yakidondoka kutoka paani hadi kwenye pipa, alitoka nje akasimama mvuani, kwa kuwa huko aliisikia mvua nzima badala ya tone moja moja. Mama akalisogeza lile pipa mpaka mwisho wa shamba, na tangu hapo tulichota maji mbali kama watu wasio na paa. Jumapili tulikula tu. Hakuna aliyeniletea njiti. Na mjomba hakuja. Nilidhani baba amemkasirikia kwa kumshinda mdahalo ule.

Mjomba alikuja baada ya mavuno, Jumapili, kwa njia ya kawaida. Aliinama mlangoni. Nilikuwa kwenye gunia nikipukuchua mahindi, hakuna aliyeniondoa. Mama alimwekea chakula, hakukigusa.

"Shemeji," akasema, "mimi nitaenda kusema. Nimeshaamua. Nitaenda kwa watu wa magazeti."

"Utasema nini?" baba akauliza.

"Kwamba ni mimi nilikuambia. Na vile yule mzee alikufa. Ili wajue."

"Wanajua, Reuben. Ni wao walikutuma umbebe."

Mjomba akafunika uso kwa mikono. Mabega yake yalitikisika, na nilishangaa, kwani sikujua polisi hulia. "Kila siku nilikuwa napita juu ya kile chumba," akasema. "Nilikuwa nasikia maji yakisogea. Najua ni wewe. Ungesema tu. Ungesema, shemeji, nisingekulaumu."

Nikaacha kupukuchua. Baba akasema, "Ukienda kusema leo, watakuchukua kabla jua halijatua, na hakuna gazeti litaandika. Itakuwa nilikaa kule bure. Unataka iwe nilikaa kule bure?"

"Hapana."

"Basi kula."

Mjomba akavuta sahani. Alipokuwa amemeza tonge la kwanza, baba akaongeza, "Jina la yule mzee unalo?"

"Ninalo."

"Usiniambie. Nisichokijua hakiwezi kutoka. Lakini usilipoteze."

Mjomba aliendelea na kazi muda mfupi tu, kisha akaacha, akasingizia mgongo. Akaenda kufuga nyuki upande wa Mogotio. Alikuja kutuona mara chache, na yeye na baba walizungumza habari za asali na bei ya viazi. Nilikua nikiwatazama, na kadiri nilivyokua ndivyo nilivyozidi kuelewa walichokuwa hawakisemi. Nilimaliza shule, nikaolewa, nikapata binti. Serikali ikabadilika, ikabadilika tena. Vyumba kama kile cha maji vikafunguliwa, watu wakapelekwa kuviona, na baba akaalikwa akakataa.

Halafu ikaundwa tume ya kusikiliza watu walioumizwa. Ripoti yake iliandikwa, sijui imekalia rafu gani mpaka leo. Tume ilipofika Nakuru ilikaa katika ukumbi mkubwa, na safari hii baba alikubali kwenda. Tulimsindikiza mimi, mama na mjomba, ambaye sasa alikuwa na mvi na alitembea akiwa ameinama kabisa. Makamishna walikaa mbele, kila mmoja na chupa yake ya maji. Baba aliongea mikono ikiwa magotini, kwa ufupi, kama anayesoma habari za mtu mwingine.

Kamishna mmoja, mwanamke mwenye sauti ya upole, akamuuliza, "Mzee, ile habari uliyowapa wanafunzi wako, uliipata kwa nani?"

Hakukusudia ubaya. Lakini niliona mgongo wa baba ukikakamaa. Akainamisha kichwa.

"Niliota," akasema.

Watu wengine walicheka kidogo. Kando yangu mjomba akashika kiti cha mbele yake, akainuka taratibu. Mama alinyoosha mkono kama anayetaka kumvuta akae, kisha akaurudisha.

"Hakuota," mjomba akasema. "Ni mimi nilimwambia. Nilikuwa askari pale. Na yule mzee alikuwa na jina." Akalitaja. "Aliitwa Mosonik."

Baba hakugeuka. Lakini nilimwona akilirudia jina lile kwa midomo tu, bila sauti, mara ya kwanza kulisikia.

Karani wa tume, kijana aliyekuwa akiandika upesi upesi, aliinua kichwa akauliza linaandikwaje. Mjomba akalitamka tena, silabi kwa silabi, huku akigeuka polepole kutazama viti vyote vya nyuma, safu kwa safu mpaka mlangoni, kama anayengoja mtu ainuke aseme huyo alikuwa wangu. Hakuna aliyeinuka. Karani akaandika, akasema asante mzee, akamwita shahidi aliyefuata.